Ufadhili, Mkopo au Ruzuku? Kuhakiki Msaada wa Serikali kwa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Mara hii tumeona tuhakiki matini ya aina nyingine, yaani sheria, kanuni na matangazo ambayo kwayo serikali za Afrika Mashariki huahidi kuwasaidia wanafunzi wa elimu ya juu. Matini hizi nazo zina dhamira yake. Zina maneno yaliyochaguliwa na maneno yaliyoachwa, na kama ilivyo katika fasihi, pengine lile lisilosemwa ndilo lenye uzito. Tutajikita Uganda, huku tuliko, na tutatupia jicho Kenya na Tanzania. Swali letu ni hili: je, dola inayotaka Kiswahili kifundishwe shuleni imejiandaa kuwasomesha watu watakaowafundisha walimu wenyewe wa Kiswahili?

Maneno matatu, makubaliano matatu

Tuanze na msamiati, maana hapo ndipo utata unapoanzia. Katika mazungumzo ya kila siku, mwanafunzi akipata fedha za masomo kutoka serikalini husema amepata "ufadhili". Neno hili hutumika sawasawa kwa mtu aliyelipiwa kila kitu, kwa aliyekopeshwa, na hata kwa aliyepunguziwa karo kidogo. Kwa mwalimu wa lugha, huu ni mkorogo ambao haufai kuachwa hivi hivi.

Ufadhili umetokana na fadhila. Anayefadhili hutenda wema ambao hakulazimika kuutenda, na anayefadhiliwa hubaki na deni la shukrani. Ndiyo maana Waswahili wana methali nyingi za kulaumu wasiojua fadhila, na ndiyo maana mfadhili anaweza kuacha kufadhili wakati wowote bila ya mtu kumshitaki. Kwa hiyo serikali inapoitwa mfadhili wa mwananchi wake, tayari tumekubali kwamba elimu ya juu ni hisani.

Ruzuku ni neno jingine kabisa. Lina udugu na riziki, yaani kile anachopewa mtu ili aishi na afanye kazi yake. Serikali inapotoa ruzuku ya pembejeo, hakuna anayemwambia mkulima kuwa amefadhiliwa. Inaeleweka kwamba taifa linahitaji chakula, na mkulima ndiye njia ya kukipata. Mwenye kupokea ruzuku hadaiwi fedha. Hudaiwa kazi.

Mkopo nao ni biashara iliyo wazi: unapewa leo, unarudisha kesho. Wahenga walituachia onyo kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Hatusemi kuwa mkopo ni mbaya. Tunasema kwamba mkopo si ufadhili wala si ruzuku, na anayeyachanganya maneno haya katika hotuba au katika tangazo huwafanya vijana watie saini wasichokielewa.

Sheria zinasema nini

Tukiwa na vipimo hivyo vitatu, tuzitazame nchi zetu. Kenya ilianza mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1974, na mwaka 1995 ikaunda kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kama HELB. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ikaanza kazi Julai 2005. Uganda ilichelewa. Sheria ya Kugharimia Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipita mwaka 2014, na mikopo ya kwanza ikatolewa katika mwaka wa masomo wa 2014/2015.

Tuangalie mkopo wa Uganda ulivyoanza. Ulielekezwa kwa shahada ya kwanza, hasa masomo ya sayansi, na baadaye ukafikishwa kwa stashahada. Ulilipia karo, ada za matumizi ya chuo na ada za utafiti, pamoja na vifaa vya wanafunzi wenye ulemavu. Chakula na malazi viliachwa mikononi mwa mwanafunzi na wazazi wake. Sambamba na mkopo huo, serikali kwa miaka mingi imekuwa ikiwalipia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, nao pia ni wa shahada ya kwanza, na tangu mwaka 2005 sehemu kubwa ya nafasi hizo imetengewa sayansi.

Mtafute sasa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu wa lugha katika mipango hiyo. Humwoni. Sheria haikumkataza wala haikumtukana. Imepita tu kando yake kana kwamba hayupo. Huu ndio ukimya tulioutaja hapo juu, na athari zake tunaziona madarasani.

Kenya imepiga hatua zaidi kwa upande huu, kwani HELB imekuwa na mikopo ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Hata hivyo, Kenya hiyohiyo inatupa funzo jingine. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni iliyotaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamivu, wakapewa miaka mitano, hadi 2019. Muda ulipofika, wahadhiri wengi walikuwa bado hawajaipata. Je, tushangae? Kanuni iliandika wajibu wa mhadhiri kwa herufi kubwa, lakini gharama ya kuutimiza wajibu huo haikuwekewa fungu linalolingana nao. Ukimwagiza mtu sokoni bila ya kumpa fedha, usimlaumu akirudi na kikapu kitupu.

Tanzania inatuonyesha upande wa marejesho. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliongeza makato ya mdaiwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wake. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, jambo lililowapa wadaiwa nafuu. Lakini hebu tumfikirie mwalimu wa sekondari anayekatwa asilimia 15 kwa deni la shahada ya kwanza. Huyu ndiye tunayemtarajia aombe nafasi ya uzamili, na baadaye uzamivu. Tukimwambia akope tena, tutakuwa tumempa mzigo wa pili kabla hajautua wa kwanza.

Mwezi mmoja, ujumbe miwili

Turudi nyumbani. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa Uganda mwaka 1973 kwa amri ya serikali ya kijeshi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na kukifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Hatimaye, mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliridhia kukipokea kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Sote tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwezi huohuo wa Julai 2022 ndio ulioanza utaratibu mpya wa mishahara, ambapo mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali mwenzake wa masomo ya sanaa hakuongezwa. Walimu wa sanaa walikuwa wamegoma wakilalamikia jambo hilo. Na mwalimu wa Kiswahili, katika hesabu ya Wizara, ni mwalimu wa sanaa.

Kwa hiyo, ndani ya mwezi mmoja, mwalimu wa Kiswahili alipokea ujumbe miwili kutoka kwa serikali moja. Wa kwanza ulisema: taifa linakuhitaji kila shule. Wa pili ulisema: thamani yako ni ileile ya jana. Mwalimu huyu akitaka kusoma uzamili, atajilipia kutoka katika mshahara huo. Akitaka uzamivu, atajilipia tena, na aghalabu atasoma huku akifundisha shule mbili na kusahihisha madaftari usiku. Ndivyo shahada ya miaka mitatu inavyogeuka kuwa ya miaka minane, na pengine isiishe kabisa.

Wapo watakaosema kwamba shule zinahitaji walimu, hazihitaji madaktari wa falsafa. Hoja hii inapendeza masikioni, ila haisimami. Mwalimu wa sekondari hufundishwa na mhadhiri, na mhadhiri hasimamii tasnifu ya uzamivu kabla yeye mwenyewe hajahitimu kiwango hicho. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Mhadhiri mmoja akiwaandaa walimu 40 kila mwaka, kwa miaka 20 atakuwa ameandaa walimu 800. Kila mmoja wao akifundisha wanafunzi 100 kwa mwaka, basi ni wanafunzi 80,000 walioguswa katika mwaka mmoja tu na kazi ya mtu yule mmoja. Kumsomesha huyo si anasa. Ni kuchimba kisima kabla ya kununua mitungi.

Fedha za wengine, maswali ya wengine

Ikiwa serikali haikulipa, nani amelipa? Kwa uaminifu ni lazima tukiri kwamba nchi rafiki zimetusaidia sana. Sweden ilianza mwaka 2000 kugharimia mafunzo ya uzamivu na utafiti katika Chuo Kikuu cha Makerere. Ujerumani, kupitia DAAD, imewasomesha wanataaluma wa Kiswahili kutoka kanda hii, wengine katika vyuo vyake na wengine katika vyuo vya hapa hapa Afrika. Hatuwezi kuwabeza waliotushika mkono.

Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha huja na maswali ya mwenye fedha. Mwanafunzi anayeomba msaada ng'ambo hujifunza mapema ni mada gani zinazopendwa huko. Atachagua inayopata fedha, hata kama swali linalomkera ni jingine, kwa mfano namna ya kumfundisha Kiswahili mtoto wa Gulu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiacholi, isiyo ya Kibantu, au sababu za wanafunzi wa Kampala kukiogopa Kiswahili kama lugha ya askari. Maswali haya ni yetu. Nani mwingine atayalipia?

Pengine tungetazamia fedha za kanda. Benki ya Dunia na serikali zetu zilianzisha mwaka 2016 vituo 24 vya umahiri katika nchi 8 za Mashariki na Kusini mwa Afrika, vyenye programu za uzamili na uzamivu. Maeneo yaliyochaguliwa ni viwanda, kilimo, afya, elimu na takwimu tumizi. Hata pale penye neno elimu, kituo kilichoko Rwanda kinahusu ufundishaji wa hisabati na sayansi. Vilevile upo mfuko wa uzamivu wa PASET, ambao serikali kadhaa za Afrika, zikiwemo za Kenya na Rwanda, zimeuchangia. Maeneo yake ni nishati, TEHAMA, kilimo na chakula, madini, na mabadiliko ya tabianchi. Nako Tanzania, mradi wa HEET ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia umeweka miongoni mwa shughuli zake kuwasomesha wanataaluma wa vyuo vikuu uzamili na uzamivu. Hili ni jambo la kuigwa, kwani hapa serikali imekopa ili mhadhiri asome, badala ya kumwacha mhadhiri akope mwenyewe.

Hatuna ugomvi na sayansi. Anayetaka daktari, mhandisi na mtaalamu wa mbegu anataka mema. Lakini tunaliona kosa la kimantiki katika orodha hizi: zimeitenga lugha na maendeleo, kana kwamba mkulima atapokea ushauri wa mbegu kwa alama za hisabati. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Umoja wa Afrika ulikipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022. UNESCO imekitengea siku yake, Julai 7. Mataifa yamekipa Kiswahili viti vya heshima. Kilichobaki ni kumsomesha atakayekaa katika viti hivyo.

Hoja za upande wa pili

Uhakiki wa haki husikiliza pande zote. Hoja ya kwanza ya watetezi wa hali iliyopo ni umaskini. Wanasema nchi yenye shule zisizo na madawati haiwezi kugharimia tasnifu. Tunaikubali sehemu ya hoja hii. Lakini hatuombi maelfu ya nafasi. Nafasi 10 za uzamivu wa lugha kwa mwaka, katika nchi inayolipia wanafunzi 4,000 wa shahada ya kwanza, ni sawa na robo ya asilimia moja kwa idadi. Mwaka 2019 serikali hiyohiyo ilianza kukipa Chuo Kikuu cha Makerere mfuko wa utafiti na ubunifu wa shilingi bilioni 30. Hatua ile ilitufundisha kwamba nia ikiwepo, fungu hupatikana.

Hoja ya pili ni kwamba mwenye shahada ya uzamivu hunufaika yeye mwenyewe, basi ajilipie. Hoja hii ina nguvu kwa fani ambazo soko lake hulipa vizuri. Haina nguvu kwa mwalimu wa Kiswahili, ambaye mshahara wake tumekwisha kuuona. Anayenufaika zaidi na usomi wake ni mwanafunzi na ni taifa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: baadhi ya waliosomeshwa kwa fedha za umma huondoka na wasirudi. Hili hutokea, na si vyema kulifunika. Dawa yake ipo katika neno ruzuku kama tulivyolieleza. Aliyepewa ruzuku hudaiwa kazi. Basi na adaiwe kazi hiyo kwa mkataba ulioandikwa, aujue tangu siku ya kwanza, na chuo nacho kifungwe kumpa kazi anaporudi. Wako waliobaki nje kwa tamaa, lakini wako pia waliobaki nje kwa sababu nyumbani hapakuwa na nafasi ya kuwaajiri.

Tunapendekeza nini

Kutokana na uhakiki huu, tunayaweka mezani mapendekezo manne.

Kwanza, uzamivu wa lugha ugharimiwe kwa ruzuku, wala si kwa mkopo. Nafasi ziwe chache, zishindaniwe kwa haki, na zijumuishe karo, posho ya kujikimu na gharama za utafiti wa nyanjani. Karo peke yake haitoshi, maana tasnifu nyingi hukwamia nyanjani na kwenye uchapaji.

Pili, uzamili uwe na mkopo wenye masharti mepesi, na mwombaji aliye bado na deni la shahada ya kwanza asimamishiwe makato hadi amalize.

Tatu, mwalimu aliyepata nafasi apewe ruhusa ya masomo yenye mshahara, naye arudi kutumikia kwa muda uliokubaliwa. Bila ya ruhusa hiyo, ruzuku humpa mtu karo na kumnyima wakati wa kusoma.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala waandae pamoja mpango wa kanda wa uzamivu wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Bujumbura aweze kusimamiwa Dar es Salaam, na wa Kampala aweze kusimamiwa Nairobi, bila ya kulipishwa karo ya mgeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili tangu 2009, na uzoefu wake wa kusimamia tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili ungetufaa sote.

Kwa wanafunzi wetu tuna neno la ziada. Ukiletewa karatasi ya "ufadhili", usiharakishe kalamu. Uliza: ni mkopo au ni ruzuku? Unalipia nini na hauilipii nini? Marejesho huanza lini, na huwaje nisipomaliza kwa wakati? Mdhamini wangu anabeba wajibu gani? Nikimaliza, nani atanipa kazi? Mengi ya maswali haya yamejibiwa ndani ya sheria, ila sheria zetu huandikwa kwa Kiingereza kizito. Kuzifasiri kwa Kiswahili chepesi ni kazi ambayo darasa la tafsiri lingeweza kuianza muhula huu huu, na wenzao wa shahada ya kwanza wangefaidika kabla hata serikali haijatusikia.

Tunajua kwamba makala ya jarida dogo la idara hayabadilishi bajeti ya taifa. Lakini bajeti nayo ni matini, na kila mwaka husomwa bungeni mwezi wa Juni. Ombi letu kwa walimu na wanafunzi ni kwamba ikisomwa tena, tuisome kwa makini yaleyale tunayoyatumia kusoma tamthilia. Tutafute palipoandikwa Kiswahili, kisha tutafute ni kiasi gani kimeandikwa mbele yake. Wenye maoni tofauti, hasa wale waliowahi kusoma kwa mkopo wa serikali ya Kenya au Tanzania, tunawakaribisha watuandikie ili toleo lijalo liendeleze mjadala huu.